Daktari John Snow na gharama ya ukweli usioeleweka

Wapo watu waliofariki zamani ambao kila nikiyasoma maisha yao huona kana kwamba wananiuliza swali. Mmoja wao ni daktari Mwingereza, John Snow. Wanafunzi wa udaktari na wa jiografia hulisikia jina lake mapema katika masomo yao, kwa sababu ya ramani moja na pampu moja ya maji. Hata hivyo, kisa chake hufupishwa mno kinaposimuliwa darasani. Husemwa kwamba aligundua kuwa kipindupindu huenezwa na maji, mkono wa pampu ukang'olewa, na maradhi yakakoma. Laiti mambo yangalikuwa mepesi hivyo! Ukweli ni kwamba Snow aligundua, akasema, akaandika, akahesabu, akachora, akasimama mbele ya wakubwa, na bado siku alipofariki wengi wa wakubwa hao walikuwa hawajamwamini. Leo ningependa kuyasimulia maisha yake kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wetu, maana suala lililomtatiza ndilo linalotutatiza sisi hadi leo: mtu akishaujua ukweli, aufikishe vipi kwa wale wenye uwezo wa kuutendea kazi?

Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto tisa. Baba yake alikuwa kibarua. Kwa mtoto wa kibarua wa zama zile mlango wa elimu ulikuwa mwembamba kama tundu la sindano, lakini wazazi wake walijinyima, wakampeleka shuleni, na alipotimiza miaka 14 wakamtuma Newcastle akawe mwanagenzi wa daktari mpasuaji. Huko ndiko alikokutana na adui aliyemwandama maisha yake yote. Kipindupindu kilipoingia Uingereza kwa mara ya kwanza, mwaka wa 1831, kijana huyo ambaye hakuwa amehitimu bado alitumwa kuwahudumia wachimbaji wa makaa ya mawe wa Killingworth. Baadaye sana aliandika jinsi wachimbaji wa makaa walivyoshinda chini ya ardhi bila choo wala maji ya kunawia, na jinsi walivyokula chakula chao mle mle gizani kwa mikono iliyochafuka. Bila shaka mambo hayo yalimkaa moyoni.

Mwaka wa 1836 alihamia London kuendelea na masomo. Alipata leseni ya upasuaji mwaka wa 1838, na mwaka wa 1844 Chuo Kikuu cha London kikamtunukia shahada ya juu ya udaktari. Alikuwa mtu wa maisha ya kiasi. Hakuoa, alijitenga na pombe, na kwa miaka mingi ya ujana wake hakula nyama. Lakini alikuwa na kasoro moja ambayo ningependa msomaji aikumbuke tunapoendelea: hakujaliwa ulimi. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza na maneno yake yalikuwa makavu. Alipoanza kuhudhuria mikutano ya chama cha madaktari alisimama, akatoa hoja yake, akaketi, na hakuna aliyemjibu. Alifanya hivyo mara nyingi kabla ya wenzake kuanza kumtegea sikio.

Kilichomletea jina kwanza si kipindupindu bali nusukaputi. Mwishoni mwa mwaka wa 1846 habari zilifika London kutoka Marekani kwamba mgonjwa akivutishwa mvuke wa etha hulala asihisi kisu. Madaktari wengi walikimbilia kuujaribu mvuke huo bila kipimo, na wagonjwa wengine wakadhurika. Snow alikaa chini akapima: joto kiasi gani, mvuke kiasi gani, kwa muda gani. Alitengeneza chombo cha kuuvutia, na mwaka wa 1847 akachapisha kitabu juu ya etha. Baadaye aligeukia klorofomu, akawa hodari kuliko wote jijini. Malkia Victoria alipojifungua mwaka wa 1853, na tena mwaka wa 1857, Snow ndiye aliyeitwa kumpa klorofomu.

Zingatia tofauti iliyopo hapa. Katika suala la nusukaputi hakuhitaji ulimi. Mgonjwa alilala, akapasuliwa, akaamka. Kila aliyekuwapo alijionea kwa macho yake. Na malkia alipokubali, ni nani angebisha? Katika suala la kipindupindu mambo yalikuwa kinyume. Alichotaka watu wakiamini hakikuonekana, na hakuna mkubwa aliyemtangulia kukikubali. Ilimbidi awashawishi watu kwa hesabu na mantiki, njia ambayo ni ndefu na yenye miiba.

Wakati ule karibu wataalamu wote waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu, ule uvundo unaotoka katika majaa na mitaro. Tusiwacheke. Mitaa iliyonuka ndiyo kweli iliyokuwa na vifo vingi, na kuondoa taka ni jambo jema kwa vyovyote vile. Shida ni kwamba imani hiyo ilizaa sera. Edwin Chadwick, aliyeongoza harakati za kusafisha miji, aliona kwamba uvundo ukiondolewa majumbani maradhi yatakwisha. Kwa hiyo uchafu wa mashimo ya nyumba ukasukumwa kwa mifereji hadi katika mto Thames, na mto huo huo ndio makampuni ya maji yalikoteka maji ya kuwauzia wananchi. Kwa nia njema kabisa, serikali iliwanywesha watu uchafu wao wenyewe.

Mwaka wa 1849, kipindupindu kiliporudi, Snow alichapisha kijitabu cha kurasa 31. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Ugonjwa huu, alisema, huanzia tumboni, si mapafuni. Basi kinachouleta ni kitu kilichomezwa, si kilichovutwa. Kitu hicho hutoka kwa mgonjwa kupitia choo, kikaingia katika maji au chakula, kikamezwa na mwingine. Waliokisoma walikiri kuwa ni wazo la kuvutia, lakini wakasema halina ushahidi. Snow hakununa wala hakuwatukana. Aliona kwamba wana haki ya kudai ushahidi, akaanza kuutafuta.

Fursa ilikuja mwaka wa 1854. Mitaa mingi ya kusini mwa London iliuziwa maji na makampuni mawili yaliyoshindana, Lambeth na Southwark and Vauxhall. Mabomba yao yalipita barabara zile zile, na nyumba moja ilipata maji ya kampuni hii huku jirani akipata ya ile. Tajiri kwa maskini, wote walichanganyika. Hadi mwaka wa 1852 makampuni yote mawili yaliteka maji katikati ya jiji. Mwaka huo Lambeth ilihamisha mahali pake pa kutekea ikaenda Thames Ditton, juu ya mto, ambako uchafu wa jiji haukufika. Snow alitambua kwamba hapa palikuwa na jaribio ambalo hakuna mwanadamu angeweza kulipanga, lililowahusisha watu laki kadhaa bila wao kujua.

Alianza kutembea nyumba kwa nyumba palipotokea vifo, akiuliza maji ni ya nani. Wapangaji wengi hawakujua, kwa kuwa bili ililipwa na mwenye nyumba. Basi akawa anachukua maji kidogo na kuyatia naitreti ya fedha, ambayo huonyesha chumvi iliyomo. Maji ya Southwark and Vauxhall, yaliyotekwa karibu na maji ya bahari yanapopanda, yalikuwa na chumvi karibu mara 40 ya yale ya Lambeth. Katika majuma saba ya mwanzo wa mlipuko ule, Southwark and Vauxhall, iliyohudumia nyumba 40,046, ilikuwa na vifo 1,263, yaani 315 kwa kila nyumba 10,000. Lambeth, iliyohudumia nyumba 26,107, ilikuwa na vifo 98, yaani 37 kwa kila nyumba 10,000. Mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuzisoma tarakimu hizo na kuona jibu.

Alipokuwa katika kazi hiyo, moto ukawaka karibu na kwake. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho, umbali mfupi kwa miguu kutoka nyumbani kwa Snow. Katika muda wa siku kumi zaidi ya watu 500 walikufa katika eneo ambalo mtu angelizunguka kwa dakika chache. Snow aliishuku pampu ya kisima cha Broad Street, lakini alipoyachunguza maji yake hakuona uchafu wa maana. Maji yale yalisifika! Wapo waliopita pampu iliyokuwa karibu nao wakaenda kuteka Broad Street kwa sababu yalionekana safi na yalikuwa na ladha nzuri.

Hapa, mpenzi msomaji, niruhusu nisimamishe hadithi ya Snow ili nikiri jambo langu. Mwaka wa 1998, baada ya mvua kubwa za El Nino, kipindupindu kilikuwa kikitembea katika sehemu nyingi za nchi yetu. Mimi nilikuwa nikifundisha katika mji mdogo wa pwani. Siku moja alikuja kijana mtafiti aliyekuwa ameyapima maji ya visima vyetu, na baraza likaitishwa chini ya mwembe. Kijana alikuwa ameyasomea mambo yale kwa Kiingereza, na kila alipotafuta neno la Kiswahili lilimponyoka, basi nikaombwa nifasiri. Alieleza vizuri sana kwamba katika kisima kilichokuwa karibu na soko alikuta bakteria ambao makao yao ni matumbo ya wanadamu, na kwamba hiyo ni dalili ya maji ya vyoo kupenya ardhini hadi kisimani. Nikatazama mbele yangu. Palikuwa na wazee wenye ndevu nyeupe, akina mama waliojitanda kanga, na mama mkwe wangu miongoni mwao. Nikaona haya kutamka neno kinyesi. Nikasema tu kwamba maji ya kisima kile yana vijidudu.

Mzee mmoja alimtuma mjukuu wake akateke maji ya kisima hicho. Akayamimina katika gilasi, akaiinua juani, na maji yakameta kama kioo. Kwa adabu kubwa akaniuliza mimi, mwalimu wa watoto wao, nimwonyeshe hao wadudu walipo. Watu wakacheka. Kijana mtafiti naye akacheka, ingawa hakujua kilichochekesha. Baraza likavunjika, na ripoti ikarudi ndani ya bahasha kwenda ofisini. Haukupita mwezi kabla ya wanafunzi wetu kadhaa kulazwa, na mmoja wao, mvulana wa darasa la tano aliyeketi karibu na dirisha, hakurudi. Siwezi kuapa kwamba maji ya kisima kile ndiyo yaliyomuua. Ninachojua ni kwamba watu walipewa nafasi ya kuusikia ukweli, na mimi niliyekuwa ulimi wa ukweli huo niliukata katikati. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ile mfichaji alikuwa mimi, na aliyeumbuliwa alikuwa mtoto wa mwenzangu.

Turudi Soho. Snow hakuwa na cha kuwaonyesha watu ndani ya gilasi, kwa hiyo aliwatazama watu wenyewe. Alikwenda katika ofisi ya msajili mkuu, akapata orodha ya vifo 83 vya siku za mwanzo, akaenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Waliokufa 73 walikuwa wakiishi karibu na pampu ile kuliko pampu nyingine yoyote, na 61 kati yao walithibitishwa kuwa walikunywa maji yake. Kati ya wale kumi waliokaa karibu na pampu nyingine, watano walipenda kuteka Broad Street na watatu walikuwa watoto waliosoma shule iliyokuwa karibu na pampu.

Kisha akafanya jambo ambalo watafiti wengi hulisahau: akawauliza pia wale ambao hawakufa. Nyumba ya kuwatunzia maskini, yenye watu 535, ilizungukwa na vifo pande zote, lakini ndani yake walikufa watano tu. Ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi zaidi ya 70 wa kiwanda cha bia cha mtaa huo huo walinusurika. Walikunywa bia waliyopewa kiwandani, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Upande mwingine, mjane mmoja aliyeishi mbali, huko Hampstead, ambako hapakuwa na ugonjwa, alikufa. Aliwahi kuishi Broad Street, akayapenda maji ya pale, na kila siku alikuwa akiletewa chupa moja. Mpwa wake aliyemtembelea na kunywa maji hayo alirudi kwake Islington, akafa pia. Kama uvundo wa Soho ndio uliokuwa ukiua, uliwafikaje hawa wawili na kuwaruka walevi wa bia waliokuwa katikati yake?

Alhamisi tarehe 7 Septemba 1854, Snow alifika mbele ya halmashauri ya parokia ya St James. Wajumbe wake hawakuwa wanasayansi. Walikuwa watu wenye hofu, waliokuwa wakizika majirani zao. Hakuna ushahidi kwamba waliiamini nadharia yake. Lakini tazama alichowaomba. Hakuwaomba waikane hewa chafu, wala hakuwaomba fedha za kujenga mitambo. Aliomba jambo moja dogo, lisilo na gharama, ambalo lingeweza kutenduliwa kesho yake likionekana halina maana: mkono wa pampu uondolewe. Siku ya pili ukaondolewa.

Wapo wanaosema kwamba tendo hilo halikuwa na faida, kwa sababu watu walikuwa wameshauhama mtaa na vifo vilikuwa vimepungua. Snow mwenyewe alilikubali hilo waziwazi katika maandishi yake, na huo ni uungwana ambao watetezi wa hoja huwa nao kwa nadra. Lakini hadithi ina mkia. Kasisi kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead, hakumwamini Snow hata kidogo. Aliwajua wakazi kwa majina, alikuwa amewazika wengi wao, na alidhamiria kuthibitisha kwamba daktari amekosea. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akarudi tena na tena, na kadiri alivyouliza ndivyo alivyoona kwamba Snow amesema kweli. Zaidi ya hayo, alikipata kitu ambacho Snow hakukipata. Katika nyumba nambari 40 Broad Street mtoto mchanga alikuwa ameugua tarehe 28 Agosti, na maji yaliyofuliwa nepi zake yalimwagwa katika shimo la uchafu lililokuwa mbele ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa mwaka wa 1855 lilikutwa limebomoka, na umbali kati yake na kisima haukufika futi tatu. Baba wa mtoto huyo naye aliugua tarehe 8 Septemba, siku ile ile mkono wa pampu ulipoondolewa. Kama pampu ingalikuwa ikifanya kazi, pengine msiba wa pili ungeanza.

Na ile ramani mashuhuri? Wengi hudhani Snow aliichora kwanza, akaitazama, ndipo akagundua. Sivyo. Alikuwa ameshalijua jibu. Aliitengeneza baadaye ili kuwaonyesha wale ambao hawakuwapo, akaweka mstari mmoja mweusi kwa kila kifo, mstari juu ya mstari, mpaka mtu yeyote mwenye macho aone jinsi vifo vilivyoizunguka pampu. Mtu asiyejaliwa ulimi alipata njia nyingine ya kusema. Ramani hiyo ilitokea katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka wa 1855. Kazi hiyo ilimgharimu zaidi ya pauni 200 za mfukoni mwake, na mauzo yakamrudishia pauni chache tu.

Kwa yote hayo, kamati ya wataalamu iliyoteuliwa na bodi ya afya ya taifa iliichunguza habari ya Broad Street na kuikataa hoja ya maji. Mwezi wa Machi 1855 Snow aliitwa mbele ya kamati teule ya bunge iliyokuwa ikijadili sheria ya kudhibiti viwanda vyenye harufu mbaya. Aliulizwa kama uvundo wa wachemsha mifupa na watengeneza sabuni huleta magonjwa ya mlipuko, akajibu kwamba hauleti. Kisayansi alikuwa karibu na ukweli kuliko waliomhoji. Lakini alikuwa ameletwa na wenye viwanda, na wabunge waliona mtu anayewatetea wachafuzi. Jarida la Lancet likamshambulia kwa kejeli kali. Hapa napata somo chungu: msikilizaji hapimi maneno yako pekee, humpima pia anayesimama kando yako.

Tarehe 10 Juni 1858, akiwa anamalizia kitabu juu ya klorofomu, Snow alipatwa na kiharusi. Alifariki tarehe 16 mwezi huo huo, akiwa na umri wa miaka 45. Taarifa fupi ya kifo chake katika Lancet haikutaja kipindupindu kabisa. Mwezi huo huo joto kali lilichemsha uchafu wa mto Thames hadi wabunge wakashindwa kukaa ndani ya jengo lao. Kwa kukimbia uvundo, mwezi wa Agosti walipitisha sheria ya kujenga mifereji mikubwa ya maji taka chini ya mhandisi Joseph Bazalgette. Kwa sababu isiyo sahihi walifanya jambo sahihi.

Mwaka wa 1866 kipindupindu kikarudi, kikaua zaidi ya watu 5,500 jijini, wengi wao mashariki ambako mifereji ilikuwa haijakamilika. Mtakwimu William Farr, aliyeishikilia nadharia ya hewa kwa miaka mingi, alipoziangalia tarakimu zake safari hii alizifuata hadi katika hifadhi ya kampuni moja ya maji, akakubali. Mwaka wa 1884, mwanasayansi Mjerumani Robert Koch alimtambulisha kwa ulimwengu bakteria mwenyewe, ingawa Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa ameshamwona kwa hadubini mwaka ule ule wa 1854. Snow alikuwa kaburini miaka 26.

Maradhi hayo hayakuwa ya Ulaya pekee. Miaka ya 1869 na 1870 yaliangamiza maelfu Zanzibar, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, akachapisha London mwaka wa 1876 kitabu kilichoifuata njia ya milipuko ya Afrika Mashariki tangu mwaka wa 1821, akitegemea sana habari za wafanyabiashara na wasafiri wa misafara. Na sisi tusijidanganye kwamba hayo ni ya kale. Mwezi wa Oktoba 2022 kipindupindu kilizuka tena nchini Kenya, miaka 168 baada ya mkono wa pampu kuondolewa. Elimu ipo, dawa zipo. Kinachokatika ni ule uzi kati ya anayejua na anayeamua, na kati ya anayeamua na anayeteka maji.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama, na inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Naona vifungu hivyo viwili ni ndugu. Huwezi kuilinda haki ya maji safi ikiwa ripoti inayosema kwamba maji si safi imeandikwa kwa lugha na istilahi ambazo mwenye ndoo hazielewi, na pengine hata diwani wa kaunti anayepitisha bajeti hazielewi. Mtafiti aliyelipwa kwa kodi ya wananchi hajamaliza kazi yake anapochapisha makala katika jarida la wenzake. Bado anadaiwa kurasa mbili za Kiswahili sanifu zenye majibu ya maswali matatu: nimeona nini, nimejuaje, na kesho asubuhi tufanye nini. Snow aliyajibu yote matatu mbele ya halmashauri ile, na lile la tatu ndilo lililouondoa mkono wa pampu.

Najua nitaambiwa kwamba kurahisisha sayansi ni kuipotosha. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo, maana mimi nilirahisisha na nikapotosha. Lakini kosa langu halikuwa kutumia maneno mepesi. Neno kinyesi ni jepesi kuliko neno bakteria, na ndilo lililokuwa la kweli zaidi. Kosa langu lilikuwa kuondoa kile kiungo kilichofanya habari nzima ieleweke, yaani njia kutoka chooni hadi kinywani. Anayerahisisha abakishe sababu. Akiiondoa, amebakisha tetesi.

Kwa walimu wenzangu wa sayansi na wa Kiswahili nina ombi moja. Muhula huu, chukueni ripoti moja ya kweli inayohusu eneo la shule yenu, iwe ya maji, ya malaria au ya udongo, mwape wanafunzi waiandike upya kwa ajili ya nyanya zao. Kisha wakaisome nyumbani, na kesho yake waeleze nyanya aliuliza nini. Mwanafunzi atakayeweza kulijibu swali la yule mzee mwenye gilasi, bila haya na bila dharau, atakuwa amejifunza jambo ambalo mimi sikulijua nilipokuwa na umri wa kumzaa. Na kisima kile cha karibu na soko kilikuja kufunikwa hatimaye, baada ya mvua nyingine na misiba mingine. Mzee yule alinijia siku hiyo, akaniuliza kwa upole kwa nini sikumwambia tangu mwanzo kwamba kilichokuwa ndani ya maji ni uchafu wa choo. Sikuwa na jibu.